Marehemu wa Ukurasa wa Mwisho

Kaunta buku yangu ya besiboli ni ya kwaya tatu, yenye jalada gumu na mgongo mwekundu, ya aina ile ile ninayoitumia kazini kuandikia uzito wa korosho, na ukurasa wake wa mwisho nimeutenga kwa ajili ya marehemu. Kila anapofariki mchezaji au kiongozi wa klabu ambaye habari zake zimenigusa, ninaandika jina lake, tarehe ya kifo, umri wake na mstari mmoja wa jambo ambalo nisingependa lisahaulike. Tangu Juni 2024 ukurasa huo umejaa kwa kasi iliyonishtua, hata nimelazimika kuendelea na ule unaoutangulia, na ndiyo sababu ya kuandika haya, maana wapo ambao mstari mmoja hauwatoshi.

Msomaji wa Mtwara atataka kujua kwanza mchezo huu niliutoa wapi. Nilisoma sekondari mjini Lindi, na kwa miaka miwili hisabati tulifundishwa na mwalimu wa kujitolea kutoka Japani. Jioni moja alitukuta wasichana tukicheza rede nyuma ya bweni kwa mpira wa soksi uliojazwa matambara, akasimama muda mrefu akitazama namna tunavyorusha. Aliyecheza rede tangu utotoni amekwisha kujifunza kumlenga mtu anayekimbia, kurusha bila kujipanga na kumsoma mwenzake kabla hajageuka, na mwalimu yule aliona kwamba mikono hiyo ilikuwa tayari kwa mchezo wa kwao. Wiki iliyofuata alikuja na mpira mweupe wenye mshono mwekundu pamoja na glavu mbili kuukuu. Fimbo ya kwanza tulichongewa na fundi wa mpingo, ikawa nzito kiasi kwamba hakuna aliyeweza kuizungusha. Ya pili ilitoka kwenye tawi la mwembe, na hiyo ndiyo tuliyoitumia mpaka ikapasuka.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, mrushaji huutupa mpira, mpigaji huupiga kwa fimbo, kisha hukimbia kuzunguka vituo vitatu mpaka arudi alikoanzia, na akifika salama timu yake hupata pointi. Akiupiga ukavuka ukuta, huzunguka bila kusumbuliwa, na pigo hilo huitwa homurani. Walinzi wako tisa na kila mmoja ana namba yake: mrushaji ni 1, mdakaji aliye nyuma ya mpigaji ni 2, na kuendelea hivyo hadi 8, anayelinda eneo la nyuma katikati, na 9, anayelinda eneo la nyuma upande wa kulia ukitazama kutoka kwa mpigaji. Namba hizo ndizo zilizoniteka. Mwalimu alikuwa na daftari lenye miraba midogo, na kila mpigaji aliposimama aliandika ndani ya mraba mmoja kilichompata, kwa herufi na tarakimu, hata mtu ambaye hakuwapo angeweza kulifungua miaka mingi baadaye na kuuona mchezo mzima tangu mwanzo. Nilikuwa mrushaji wa wastani, lakini daftari lile nilijifunza kulishika vizuri kuliko wenzangu wote. Leo mimi ni karani wa mizani katika chama cha msingi cha wakulima wa korosho, na sidhani kama mambo hayo mawili hayahusiani.

Willie Mays alifariki Juni 18, 2024 akiwa na umri wa miaka 93. Kwa saa zetu habari ilifika usiku mkubwa, nami niliisoma alfajiri ya siku ya pili nikisubiri maji ya chai yachemke. Alizaliwa Westfield, katika jimbo la Alabama, Mei 6, 1931, na mwaka 1948, akiwa bado mwanafunzi, alikuwa akiichezea Birmingham Black Barons katika Ligi za Weusi, zile ligi ambazo Wamarekani weusi waliziendesha wenyewe katika miongo ambayo Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani ilikuwa imewafungia milango. Mwaka 1951 alijiunga na New York Giants, na alipostaafu mwaka 1973 alikuwa na homurani 660. Wapo waliopiga nyingi kuliko yeye. Mchezaji aliyeyaweza mambo yote ya mchezo huu kwa pamoja, kupiga, kukimbia, kudaka na kurusha, kwa kiwango alichoyaweza yeye, mimi sijamsoma mwingine.

Jambo linalosimuliwa zaidi kumhusu ni la Septemba 29, 1954, katika uwanja wa Polo Grounds, New York, siku ya mchezo wa kwanza wa fainali kati ya Giants na Cleveland. Ilikuwa awamu ya nane kati ya tisa za kawaida, matokeo yakiwa 2 kwa 2, na Cleveland walikuwa na wakimbiaji wawili vituoni. Vic Wertz aliupiga mpira mbali kabisa kuelekea katikati, upande ambao katika uwanja ule ukuta ulikuwa zaidi ya mita 140 kutoka kwa mpigaji. Mays aligeuka, akaupa mchezo wote mgongo, akakimbia moja kwa moja kuelekea ukutani, akaupokea mpira ukishuka juu ya bega lake bila kusimama wala kugeuza mwili. Kisha akazunguka na kuurudisha uwanjani kwa nguvu iliyomvua kofia. Larry Doby, aliyekuwa kituo cha pili, aliishia cha tatu, na hakuna pointi iliyoingia. Giants walishinda 5 kwa 2 katika awamu ya kumi, na wakatwaa ubingwa kwa kushinda michezo minne mfululizo.

Niliwahi kuunakili mchezo huo katika daftari langu, mraba kwa mraba, na nilipofika kwa Wertz katika awamu ya nane niliandika F8. Herufi F maana yake mpira ulidakwa kabla haujagusa chini, na 8 ni namba ya Mays. Ndiyo hayo tu. Mpira mwepesi unaomwangukia mlinzi wa kati mikononi akiwa amesimama huandikwa F8 vivyo hivyo, na daftari halina alama ya kutofautisha miujiza na kazi ya kawaida. Wakati huo huo daftari linamtendea haki mtu ambaye masimulizi yamemsahau: linaonyesha kwamba siku hiyo Wertz alipata mapigo manne halali, yaani yaliyomfikisha kituoni salama, katika nafasi tano, na kwamba nafasi moja aliyoshindwa ndiyo iliyomfanya ajulikane mpaka leo. Kwa hiyo ninavihitaji vyote viwili, daftari na msimuliaji, na kila nikiandika tanzia ya mchezaji ninajitahidi nisikiache kimoja.

Wiki tatu kabla Mays hajafariki, yaani Mei 29, 2024, Ligi Kuu ya Besiboli ilitangaza kwamba takwimu za Ligi za Weusi za mwaka 1920 hadi 1948 zimeingizwa rasmi katika kumbukumbu zake. Haikuwa kazi ya siku moja, kwa sababu watafiti walitumia miaka mingi kupekua magazeti ya zamani, hasa yale ya watu weusi, wakitafuta matokeo ya mchezo mmoja mmoja na kuyalinganisha. Mays aliongezewa mapigo 10 aliyoyapata Birmingham mwaka 1948, akafikisha 3,293. Josh Gibson, nyota wa Ligi za Weusi aliyefariki Januari 1947, miezi mitatu tu kabla Jackie Robinson, mchezaji mweusi aliyeufungua mlango ule, hajaingia Ligi Kuu, akawa kinara wa wakati wote kwa wastani wa upigaji, yaani mapigo halali kwa kila nafasi, wa 0.372, akimpita Ty Cobb mwenye 0.367. Hakuwahi kucheza hata siku moja katika ligi ambayo leo anaongoza orodha yake. Niliposoma kwamba mzee wa miaka 93 ameongezewa mapigo 10 aliyoyapata akiwa kijana wa miaka 17, na kwamba ameongezewa angali hai, nilifurahi kama vile deni la mtu wa nyumbani kwetu limelipwa.

Habari hiyo ilinikuta matangani. Mjomba wangu, aliyenilea tangu nikiwa darasa la tatu, alikuwa amefariki Mikindani siku chache kabla. Katika ujana wake, miaka ya sabini, aliichezea mpira wa miguu timu ya mkoa, na wazee waliokuja kutoa pole walikaa chini ya mwembe wakikumbushana mabao yake. Mmoja alisema alifunga matatu dhidi ya Lindi. Mwingine akasema ni mawili, na la tatu lilikuwa la winga wa kushoto ambaye naye ni marehemu. Wa tatu akasema mchezo huo haukuwa dhidi ya Lindi kabisa, ulikuwa dhidi ya Ruvuma, na ulichezwa Songea. Hawakugombana, walikuwa wakisaidiana kukumbuka, lakini kila walivyosaidiana ndivyo mabao ya mjomba yalivyozidi kufifia. Hapakuwa na karatasi, hapakuwa na daftari, na aliyeweza kumaliza ubishi ule kwa neno moja tulikuwa tumekwisha kumzika. Nilikaa upande wa wanawake nikiwasikiliza, simu yangu ikiwa na habari ya mapigo 10 ya Willie Mays, na nikaumia kwa namna ambayo sikuweza kumweleza yeyote pale.

Fernando Valenzuela alifariki Oktoba 22, 2024, siku kumi kabla ya kutimiza miaka 64. Huyu ninampenda kuliko wote walio katika ukurasa ule, na nikiandika marefu juu yake naomba nivumiliwe. Alizaliwa Etchohuaquila, kijiji kidogo katika jimbo la Sonora nchini Meksiko, akiwa wa mwisho kati ya watoto kumi na wawili wa familia ya wakulima. Aprili 9, 1981, akiwa na miaka 20, aliitwa kuanza mchezo wa ufunguzi wa msimu wa Los Angeles Dodgers kwa sababu mrushaji aliyepangwa alikuwa ameumia, akawazuia Houston wasipate hata pointi moja. Alishinda michezo minane ya kwanza aliyoianza msimu huo, na katika mitano kati yake wapinzani hawakupata kitu. Mwisho wa mwaka alichukua tuzo ya mrushaji bora na ya mchezaji bora mpya kwa pamoja, jambo ambalo hakuna aliyelifanya kabla yake, na Dodgers wakawa mabingwa.

Picha za video zake ninazirudia mara kwa mara. Alikuwa na kiwiliwili kinene na tumbo la mtu mzima, akirusha kwa mkono wa kushoto, na kila alipoinua mguu wake wa kulia ili kurusha, macho yake yaliliacha lengo na kuelekea mbinguni, kana kwamba kuna mtu anamwita kutoka juu, kisha yakashuka na mpira ukatoka. Silaha yake kubwa ilikuwa mpira unaopinda kuelekea upande usiotarajiwa, ambao mrushaji huupata kwa kuuzungusha mkono kinyume na unavyopenda kwenda. Nimejaribu kuurusha huo pale ufukweni Shangani kwa mpira wa tenisi, na kiwiko kiliniuma siku tatu.

Hadithi yake haikamiliki bila ardhi. Uwanja wa Dodgers ulifunguliwa mwaka 1962 katika bonde la Chavez Ravine, mahali ambapo palikuwa na vitongoji vya Wamarekani wenye asili ya Meksiko, na wakazi wake waliondolewa katika miaka ya hamsini, wa mwisho wakiburutwa nje ya nyumba zao. Zipo familia ambazo kwa miaka mingi hazikutaka kuukanyaga uwanja ule. Kijana wa Sonora asiyejua Kiingereza aliposimama katikati yake na kushinda, watu wa asili yake walianza kuja kwa maelfu. Sisemi kwamba machungu ya kuhamishwa yalifutika. Sisi wa kusini, ambao tunao wazee wanaokumbuka kuhamishwa vijijini, tunajua kwamba hayafutiki kwa urahisi hivyo. Ila walikuja, na watoto wao wakaja, na kuanzia mwaka 2003 Valenzuela alirudi uwanjani hapo kama mtangazaji wa redio kwa Kihispania, akaifanya kazi hiyo karibu mpaka kifo chake.

Siku tatu baada ya kifo chake fainali ilianza katika uwanja ule ule, Dodgers wakikutana na New York Yankees, wale wale ambao Dodgers waliwashinda katika fainali ya mwaka 1981. Kwa saa zetu ilikuwa saa tisa usiku wa kuamkia Oktoba 26. Nilikuwa nimenunua bando la usiku, nikakaa sebuleni na daftari, simu na kikombe cha chai ya tangawizi, wachezaji wa Dodgers wakiwa wamevaa mikononi alama yenye namba 34, namba ya Fernando. Katika awamu ya kumi Yankees walikuwa mbele 3 kwa 2, wapigaji wawili wa Dodgers wameshatolewa na vituo vyote vitatu vina watu, ndipo Freddie Freeman akaupiga mpira wa kwanza aliorushiwa ukavuka ukuta wa kulia. Mchezo ukaisha 6 kwa 3. Nje kulikuwa kumeshapambazuka na pikipiki za kwenda sokoni zilikuwa zikipita. Niliandika alama zangu, nikachora kijiduara kando ya mraba wa Freeman na ndani yake nikaandika 34, ingawa kanuni za kushika daftari haziruhusu kitu kama hicho, kisha nikaenda ghalani kupima korosho bila kulala.

Rickey Henderson alifuata Desemba. Alizaliwa siku ya Krismasi mwaka 1958 ndani ya gari lililokuwa likikimbizwa hospitali mjini Chicago, akafariki Desemba 20, 2024, siku tano kabla ya kutimiza miaka 66, na ninaona ni sahihi kabisa kwamba mtu huyo aliingia duniani akiwa mwendoni. Kuiba kituo ni kukimbia kutoka kituo kimoja hadi kingine wakati mrushaji ameshaanza kurusha, bila kusubiri mwenzako apige. Henderson aliiba vituo 1,406. Anayemfuata ni Lou Brock, aliyefariki Septemba 2020, mwenye 938. Pengo la vituo 468 kati ya wa kwanza na wa pili peke yake ni kazi ya maisha kwa mwizi hodari wa vituo. Mwaka 1982 pekee aliiba 130. Miezi mitatu kabla ya kifo chake, Septemba 26, 2024, klabu yake ya zamani, Athletics, ilicheza mchezo wake wa mwisho Oakland baada ya kukaa mjini hapo tangu mwaka 1968, katika uwanja ambao eneo lake la kuchezea lilikuwa limepewa jina la Henderson. Mji ule ulipoteza timu na mwanawe katika robo moja ya mwaka.

Kuhusu Pete Rose nimesita sana. Alifariki Septemba 30, 2024 akiwa na miaka 83, na hakuna aliyewahi kupata mapigo halali mengi kuliko yake, 4,256. Mwaka 1989 alifungiwa maisha baada ya uchunguzi kuonyesha kwamba alikuwa akicheza kamari juu ya michezo ya besiboli, ikiwemo ya Cincinnati Reds, timu aliyokuwa akiifundisha mwenyewe. Alikana kwa miaka mingi, akaja kukiri hadharani mwaka 2004. Mei 13, 2025 Kamishna Rob Manfred aliamua kwamba adhabu ya kufungiwa maisha inakoma mtu anapokufa, na jina la Rose likaondolewa katika orodha ya waliofungiwa.

Kwetu tumefundishwa kutaja mema ya marehemu, na mimi nalishika fundisho hilo. Lakini nimefanya kazi ya mizani kwa miaka kumi, na najua mkulima anayeleta magunia yake ghalani anaweza kuvumilia bei ndogo, anaweza kuvumilia foleni na malipo yanayochelewa, ila hawezi kuvumilia karani mwenye maslahi ya siri katika mshale wa mizani. Kocha anayeweka fedha juu ya mchezo wa timu yake ni karani wa namna hiyo, hata kama kila alipobeti alibeti kwamba watashinda, kwa sababu siku asipobeti naye anakuwa amesema kitu. Vijana wa mtaani kwetu wanaoshinda wakipanga mikeka hawalioni hilo, na sijui nani atawaonyesha. Katika mstari wa Rose nimeandika 4,256 na nimeandika kamari, kwa wino mmoja.

Nimesema kwamba ukurasa ule una viongozi pia, na hao ndio wanaonipa shida kwa sababu kazi yao haina mraba katika daftari. Hank Aaron anao miraba na ofisi vyote viwili. Alifariki Januari 22, 2021, miaka 86, naye ndiye aliyevunja rekodi ya Babe Ruth ya homurani 714 kule Atlanta, Aprili 8, 1974, huku akipokea barua nyingi za vitisho na matusi kwa sababu tu ya rangi yake. Barua hizo alizihifadhi, hakuzichoma, na mimi kama mtunza kumbukumbu ninamheshimu kwa hilo kama ninavyomheshimu kwa homurani 755 alizomaliza nazo. Alipoacha kucheza aliingia katika uongozi wa Atlanta Braves kusimamia ukuzaji wa wachezaji chipukizi, akiwa miongoni mwa watu weusi wa kwanza kushika nafasi ya juu kiasi hicho katika klabu ya Ligi Kuu. Ni wachezaji wangapi walipita mikononi mwake huko, na ni neno gani alimwambia kila mmoja, hakuna aliyeandika.

Larry Lucchino hakuwahi kucheza Ligi Kuu, alikuwa mwanasheria. Alifariki Aprili 2, 2024 akiwa na miaka 78. Alipokuwa rais wa Baltimore Orioles, klabu hiyo ilihitaji uwanja mpya, na yeye akishirikiana na mbunifu Janet Marie Smith alishikilia kwamba uwanja huo uwe wa kizamani kwa sura, ujengwe katikati ya mji, na ghala kubwa la reli la matofali lililokuwa limesimama hapo tangu mwanzoni mwa karne ya 20 lisibomolewe. Uwanja wa Camden Yards ulifunguliwa Aprili 1992, ghala likiwa nyuma ya ukuta wa kulia, na tangu hapo miji mingine ya Marekani iliiga. Alipohamia San Diego ulijengwa uwanja uliofunguliwa mwaka 2004, na humo nako jengo kuukuu la biashara ya vyuma liliachwa, hata kona yake ikawa alama ya mpaka wa uwanja upande wa kushoto. Kisha alikwenda Boston, ambako Fenway Park ya mwaka 1912 ilikuwa imeshazungumziwa kubomolewa, nayo ikakarabatiwa badala yake. Na mwaka 2004 Red Sox wakatwaa ubingwa walioukosa kwa miaka 86.

Mimi ninayeshinda ghalani msimu mzima, na ninayepita Mikindani kila ninapokwenda kuzuru kaburi la mjomba nikiona kuta za mawe za kale zikiota mizizi ya mitini, nimeipenda habari ya Lucchino pengine kuliko anavyoipenda shabiki wa Boston. Mtu alilitazama ghala akaona mahali pa watu kufurahi. Katika mstari wake nimeandika: aliacha ghala lisimame.

Wengine ninawapitia haraka, ingawa kila mmoja angestahili jioni yake. Bob Uecker, mtangazaji wa Milwaukee tangu mwaka 1971, alifariki Januari 16, 2025, miaka 90, na kwa sisi tuliolelewa na mpira wa redio hakuna haja ya kueleza sauti moja kwa miaka hamsini na zaidi ni kitu gani. Dave Parker alifariki Juni 28, 2025, zikiwa zimebaki siku 29 aingizwe katika Jumba la Heshima la Besiboli huko Cooperstown, na mwanawe ndiye aliyesimama kusoma shairi ambalo baba yake alikuwa ameliandaa kwa ajili ya siku hiyo. Ryne Sandberg wa Chicago alifariki siku moja baada ya sherehe hiyo, akiwa na miaka 65.

Juni 3, 2025 alifariki Shigeo Nagashima, miaka 89, na huyo sikumjulia kwenye intaneti. Mwalimu wetu alikuwa amebandika picha yake ndani ya jalada la daftari lile la Lindi: mlinzi wa kituo cha tatu wa Yomiuri Giants, jezi namba 3, aliyepiga homurani ya ushindi mbele ya Mfalme wa Japani usiku wa Juni 25, 1959. Mwalimu alituambia kwamba baba yake, mtu asiyeonyesha hisia zake kirahisi, alilia Nagashima alipostaafu mwaka 1974. Nilimtumia ujumbe wa pole, kwa Kiswahili, kama anavyopenda. Alijibu baada ya siku mbili: “Asante sana. Shikamoo kwa wazee wote wa huko. Nimekaa na mama tukaangalia mechi za zamani.” Chini ya maneno hayo aliambatanisha picha, na maelezo kwamba alikuwa akitafuta picha ya Nagashima ndani ya makasha yake akalikuta daftari.

Ilikuwa kurasa mbili za mchezo wetu, wasichana wa bweni la juu dhidi ya wa bweni la chini, tarehe imeandikwa kwa penseli pembeni, mwaka 2008. Majina yetu yako upande wa kushoto kwa mwandiko wake wa uangalifu, langu likiwa la sita, na katika miraba yangu nimetolewa mara tatu. Wa kwanza kupiga alikuwa rafiki yangu tuliyelala naye kitanda cha ghorofa kimoja, yeye juu mimi chini, msichana wa Kilwa aliyekuwa na mbio kuliko wote shuleni. Alifariki mwaka 2016 na ameacha mtoto wa kiume, na jina lake silitaji hapa kwa heshima ya familia. Nilikuza picha kwa vidole viwili mpaka miraba yake ikajaa kwenye kioo cha simu. Alipata mapigo mawili, alirudi nyumbani mara mbili, na aliiba vituo vitatu.

Sikuwa naikumbuka siku hiyo hata kidogo. Nililala, nikaamka saa kumi usiku, nikawasha taa na kufungua ukurasa wa mwisho. Chini ya Nagashima niliandika jina lake lote, na la baba yake, na mwaka, kisha nikaandika: vituo vitatu, Lindi.